Foleni si mtaji: barua ya wazi kwa madiwani wa Tunduma

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Madiwani,
Halmashauri ya Mji wa Tunduma,
Mkoa wa Songwe.

Waheshimiwa,

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele na maharage hapa mjini. Ninawaandikia kabla hamjakaa kupitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai, kwa sababu bajeti ikishapita, neno la mfanyabiashara hugeuka lalamiko, na mimi sikuja kulalamika. Nina jambo moja la kusema. Mji wetu umezoea kupima neema yake kwa wingi wa malori yaliyosimama barabarani, na fedha ya malori hayo ndiyo itakayotukimbia kwanza. Iliyo yetu kweli ni fedha ya mnunuzi anayefunga safari kutoka Lusaka, Kitwe au Lubumbashi kwa hiari yake, akapita miji mingine yote ili aje anunue Tunduma. Huyo hatujamtengea hata uwanja wa kupakilia.

Nianze na mnunuzi huyo, maana wanaozungumzia mpaka kutoka mbali humsahau. Mchele anaoutaka unatoka Kamsamba, Mbarali na Kyela. Wapo waliojaribu kuufuata huko huko. Wakifika wanakutana na gunia la lumbesa, lugha wasiyoizoea, dalali wasiyemfahamu, na mzigo ambao bado lazima usafiri hadi mpakani ukiwa na karatasi zake zote. Hapa Tunduma mnunuzi anakuta mchele umeshapangwa kwa madaraja, mizani ipo, wakala wa forodha yuko mtaa wa pili, na muuzaji anaweza kujadiliana naye bei kwa Kibemba. Kisha hanunui mchele peke yake. Anachukua na maharage ya Mbozi, sabuni, vyombo vya plastiki, vitenge na kandambili, na lori lake linajaa kwa siku moja. Anayenunua Mbarali hawezi kufanya hivyo. Anayenunua Dar es Salaam anaweza, ila atalipia zaidi ya kilomita 900 za barabara kabla hajauona mpaka.

Faida hiyo haikutokana na ujanja wa mtu. Watu wa pande mbili wakikutana kila siku, gharama ya kuaminiana inashuka. Mteja wangu wa Nakonde, upande wa Zambia, ananiachia fedha leo akachukua mzigo kesho kutwa. Nami humpa mzigo jioni akaleta fedha asubuhi. Hatuandikiani mkataba, kwa sababu kila mmoja anajua nyumba ya mwenzake. Wanyamwanga wako huku na wako ng'ambo, wanaozana na kuzikana, na biashara nyingi ya mji huu ilianza kama mambo ya ndugu kabla haijawa ya maduka. Mfanyabiashara wa Singida au Morogoro anayetaka kuuza Zambia hulazimika kununua uaminifu wa namna hiyo kwa fedha taslimu, kwa kulipa madalali na kwa kupoteza mzigo wa kwanza na wa pili. Sisi tumezaliwa nao.

Ipo pia faida ya kuona mapema. Kila asubuhi, kabla sijauliza bei ya mchele, ninauliza bei ya kwacha. Kwacha ikipanda, najua kufikia Alhamisi wanunuzi watajaa. Ikishuka, nazuia fedha yangu nisikusanye mzigo mkubwa. Mwenzangu aliye mbali na mpaka atasikia habari hiyo wateja wakishaondoka. Ni hivyo hivyo kwa mvua. Msimu wa 2023/24 El Niño ilileta ukame mkali kusini mwa Afrika, na mwishoni mwa Februari 2024 Rais Hichilema akatangaza janga la kitaifa nchini Zambia. El Niño hiyo hiyo ilimwaga mvua nyingi kwetu. Mwaka huo Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Sisi tunaoishi hapa tulianza kuulizwa mahindi na watu wa Nakonde kabla habari hiyo haijafika kwenye magazeti. Mji huu umekaa pale ambapo hali ya hewa ya kusini mwa Afrika na ya mashariki mwa Afrika hupishana. Upande mmoja ukikosa, mara nyingi upande wa pili umepata, na mwenye ghala katikati yake ndiye anayepata kazi.

Na tukitazama ramani ya mikataba, nafasi yetu inapendeza zaidi. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 ikabaki katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC. Zambia imo COMESA na SADC. Nchi zote mbili zimo katika eneo huru la biashara la SADC lililoanza mwaka 2008, kwa hiyo bidhaa yenye cheti cha uasili cha SADC inavuka bila ushuru wa forodha. Kongo nayo iliingia Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini njia ya kawaida ya mzigo wa Katanga kwenda bandari ya Dar es Salaam bado ni kupitia Kasumbalesa, Zambia, kisha hapa. Kiwanda kidogo cha kukoboa na kufungasha kikijengwa Tunduma kinaweza kununua mpunga wa Momba, kutumia mifuko iliyotengenezwa Dar es Salaam, na kuuza Ndola mzigo ukiwa na jina la Tunduma juu yake. Ni miji michache ya nchi hii inayoweza kusema hivyo.

Sasa nije kwenye malori.

Sidharau fedha ya foleni. Kuna watoto wamesomeshwa kwa fedha hiyo. Gesti, mama lishe, mafundi wa tairi, wauza maji, makuli na vijana wa kulinda malori usiku, wote wanakula kwa sababu dereva na utingo wake wamekwama. Foleni ilipofika Mpemba, wapo waliofungua biashara pembeni ya barabara wakajenga nyumba. Lakini tujiulize, fedha hiyo inatoka wapi. Inatoka kwa mwenye lori ambaye gari lake limesimama siku kadhaa lisizalishe, na yeye huirudisha kwenye nauli, na nauli huongeza bei ya mafuta Ndola na gharama ya shaba inayokwenda bandarini. Mwenye mzigo huyo si mfungwa wetu. Anaweza kwenda Beira, Durban au Walvis Bay. Na sasa kuna Lobito, kule Angola, ambako Marekani na Umoja wa Ulaya wameweka fedha katika reli inayotoka kwenye migodi ya Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Kila siku moja ya foleni hapa inampa mtu wa Lobito hoja mkononi.

Tukumbuke pia jinsi mji huu ulivyokua. Novemba 1965 Ian Smith alipojitangazia uhuru wake Rhodesia, Zambia ilijikuta njia yake ya kusini iko mikononi mwa utawala wa wazungu wachache. Ikatazama huku kwetu. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, likaanza kusukuma mafuta kutoka Dar es Salaam hadi Ndola. Barabara kuu ikawekwa lami, na reli ya TAZARA ya kilomita 1,860 ikajengwa kwa mkopo wa China kati ya 1970 na 1975. Tunduma ilipanuka kwa sababu jirani yetu alikuwa na shida na sisi tulikuwa na njia. Ilikuwa heshima kubwa, na wazee wetu walitoa jasho. Ila mji uliolelewa na njia hurudi chini njia ikibadilika.

Na inabadilika mbele ya macho yetu. Mwaka 2019 Rais Magufuli na Rais Lungu walizindua kituo cha huduma za pamoja cha Tunduma na Nakonde, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kazi bado haijakamilika kama tulivyoahidiwa, ila dhamira ya serikali zote mbili ni kwamba lori lipite. Mwaka 2023 bomba la TAZAMA liligeuzwa kutoka kusafirisha mafuta ghafi likawa la dizeli iliyokwisha kusafishwa, na mafuta yanayopita bombani hayapiti barabarani kwa lori. Septemba 2025 ukasainiwa mkataba wa dola bilioni 1.4 na kampuni ya China ya CCECC wa kuifufua TAZARA na kuiendesha kwa miaka 30 kwa jumla. Reli hiyo ilibuniwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, na kwa miaka mingi haijafika hata nusu yake. Ikifika, shaba itapanda behewa, maana shaba ni mzigo mzito usio na haraka, na huo ndio mzigo wa reli duniani kote. Ninaifurahia siku hiyo kama Mtanzania. Ila behewa halilali gesti, wala haliagizi sahani ya wali.

Na kwa nini tusubiri miaka kuiona hatari hiyo? Mei 2020 Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa kwa sababu ya UVIKO-19, tuliona mji huu unavyokuwa pale uamuzi mmoja unapofanyika ng'ambo. Juni 2017 mahindi yalipopigwa marufuku kutoka nje ya nchi, tuliona unavyokuwa pale uamuzi unapofanyika kwetu. Aprili 2025 serikali ilizuia mazao ya kilimo kutoka Afrika Kusini na Malawi, kisha ikaondoa zuio baada ya siku chache. Zilikuwa siku chache, ndiyo, lakini tufaa halijui siku chache. Sisemi kwamba serikali haikuwa na sababu zake. Ninasema mji usio na ghala, usio na chumba cha ubaridi, usio na mahali pa kuuzia mzigo uliozuiwa, hupigwa na kila amri mara mbili ya miji mingine.

Kwa hiyo ombi langu kubwa ni hili: Halmashauri itenge ardhi, na itenge sasa, kwa ajili ya soko la jumla la mazao la mpakani. Liwe mahali ambapo barabara ya Mbeya, barabara ya Sumbawanga na reli havijaachana mbali. Ardhi ya namna hiyo bado ipo upande wa Chapwa na Mpemba, lakini kila mwaka inaliwa na viwanja vya makazi na maegesho ya malori, na ikishajengwa hatuwezi kuirudisha bila kulipa fidia ambayo hatutakuwa nayo. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 watu wa mji huu waliongezeka zaidi ya mara mbili, tukapita laki mbili. Hatuna miaka kumi mingine ya kusubiri.

Soko hilo lisiwe vibanda vya mabati vinavyopangishwa kwa watu wasiofanya biashara. Tunahitaji maghala yenye sakafu kavu, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo ili ugomvi wa lumbesa uishe, uwanja wa kuanikia mahindi, na kipima unyevu ambacho muuzaji na mnunuzi wote wanakiona. Tunahitaji maabara ndogo ya kupima sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, na wafanyabiashara wa Namanga waliumia vibaya kwa sababu hapakuwa na mtu mpakani aliyeweza kuonyesha kwamba mzigo wake ni salama. Hakuna kinachozuia Zambia kufanya hivyo kesho. Mzigo uliopimwa hapahapa, ukapewa cheti mbele ya mnunuzi, ni mzigo ambao bei yake haishuki kwa uvumi. Na tunahitaji maji. Mji huu umelilia maji miaka mingi, na soko la chakula lisilo na maji wala vyoo ni hatari tunayoijenga kwa fedha zetu wenyewe.

Wapo kati yenu watakaosema soko la namna hiyo litawanufaisha Wazambia kuliko Watanzania. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa nimeisikia pia kwa wafanyabiashara wenzangu. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo za jumla na rejareja, na pia kununua mazao shambani. Wengi walidhani kwamba amri hiyo imeufunga mlango wa Tunduma. Mimi naisoma tofauti. Kama mnunuzi wa Lusaka haruhusiwi kwenda shambani Mbarali kununua mpunga kwa mkulima, basi anahitaji mahali halali pa kuupata kutoka kwa mfanyabiashara Mtanzania. Mahali hapo pakikosekana, atatumia mtu wa mbele, raia wa kukodisha jina, na fedha itapita pembeni bila halmashauri kuiona. Pakiwepo, na pakiwa Tunduma, amri hiyo itakuwa imemleta mteja hadi mlangoni kwetu. Mbeya wanaweza kulifikiria hilo kabla yetu. Makambako pia wanaweza.

Jambo la fedha za kigeni nalo ni hivyo hivyo. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei au kupokea malipo kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kwa mji ambao kwacha na shilingi zimezungukana mikononi miaka yote, hilo limekuwa gumu, na operesheni za 2018 na 2019 dhidi ya maduka ya kubadilishia fedha ziliyapunguza sana nchini. Mnunuzi anashuka na kwacha zake, anakutana na kijana wa chenji barabarani, na wote wawili wanaingia kwenye kosa. Halmashauri haina mamlaka juu ya fedha za kigeni, hilo najua. Ina mamlaka juu ya nafasi. Tengeni ndani ya soko vyumba kwa ajili ya benki na maduka yenye leseni ya Benki Kuu, kwa kodi nafuu miaka miwili ya mwanzo, na vijana wa chenji waelekezwe namna ya kuajiriwa humo. Wanajua kazi yao kuliko karani yeyote.

Kuna suala la saa, ambalo watu wa Dodoma hawalioni kwa sababu hawaliishi. Saa yetu iko mbele ya saa ya Zambia kwa saa moja. Huku ikiwa saa mbili asubuhi tunafungua ofisi, ng'ambo ni saa moja na mwenzetu bado yuko nyumbani. Jioni tunapofunga, yeye bado ana saa nzima ya kazi na hana wa kufanya naye kazi. Ukijumlisha asubuhi na jioni, kila siku ya biashara kati ya miji hii miwili inapoteza saa mbili. Mnunuzi aliyekosa saa hizo analala, na kulala ni gharama. Kurekebisha hili hakuhitaji sheria ya Bunge wala mkopo. Soko, mawakala na ofisi za halmashauri zinazohusika na vibali zikae wazi hadi saa ya kufunga ya Nakonde, na Nakonde waombwe waanze mapema. Kaeni nao. Ninashangaa kwamba miji iliyotenganishwa na mtaro mmoja na uzio haina kikao cha kudumu cha madiwani wa pande zote mbili, ilhali wakazi wake wanakutana misibani kila wiki.

Kuhusu wanawake wanaovusha mizigo midogo nitasema zaidi, kwa sababu wao ndio sehemu kubwa ya biashara ya mpaka huu na ndio wanaohesabiwa mwisho. Wenzetu wa Namanga na Holili, kwa mzigo wa bidhaa zinazotambuliwa usiozidi dola 2,000, wana cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kinajazwa palepale mpakani. Zambia si mwanachama wa Jumuiya hiyo, kwa hiyo utaratibu huo haufiki kwetu. Mama mwenye magunia matatu ya mchele anajikuta akitakiwa karatasi za aina ile ile anazotakiwa mwenye semi-trela. Anafanya nini? Anapita njia ya panya. Anavuka usiku, anamlipa kijana wa pikipiki, anamlipa na anayejifanya askari, wakati mwingine anapoteza mzigo wote, na wapo waliopoteza zaidi ya mzigo. Kisha tunakaa kwenye vikao na kumwita mtu wa magendo. Nilimjua mama mmoja aliyekuwa akivusha dagaa na mchele kwa miaka mingi. Siku alipoamua kupita kwenye geti kihalali, alizungushwa ofisi hadi ofisi mpaka jioni kwa sababu ya herufi moja iliyokosewa kwenye jina lake. Hakurudi tena getini, na sikuwa na neno la kumshawishi.

Halmashauri inaweza kumsaidia mama huyo bila kusubiri Arusha wala Lusaka. Wekeni dirisha moja sokoni lenye afisa biashara, afisa kilimo na mtu wa kumsaidia kujaza cheti cha uasili cha SADC, bila malipo kwa mizigo midogo. Bandikeni ukutani, kwa Kiswahili chepesi, orodha ya karatasi zinazotakiwa, ada ya kila moja na simu ya kupiga anapoombwa zaidi. Zile asilimia 10 za mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu, zimerudi kutolewa baada ya kusimamishwa mwaka 2023. Vikundi vya wanawake wa mpakani vipewe mikopo inayolingana na mzunguko wa biashara yao, ambao ni wa siku na wiki, kwa sababu rejesho la kila mwezi lililopangwa kwa mfugaji wa kuku haliwafai. Mama akiwa na mtaji wa kukodisha nafasi kwenye lori halali pamoja na wenzake kumi, njia ya panya inakuwa ghali kwake kuliko geti.

Waheshimiwa, najua swali linalofuata: fedha. Ushuru wa mazao ulishushwa kisheria mwaka 2017, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na halmashauri nyingi zililia. Inaeleweka kwamba kila chanzo kipya kinatamanisha, na maegesho ya malori ni chanzo rahisi: gari limesimama, unakwenda na mashine unakata risiti. Lakini mapato hayo yanaifanya Halmashauri inufaike pale mambo yanapokwenda vibaya. Foleni ikirefuka, makusanyo yanapanda. Sipendi kuona taasisi ninayoiamini ikiwa na maslahi ya namna hiyo, hata kama hakuna anayeyakusudia. Soko la jumla linafanya kinyume chake: mzigo ukiuzwa haraka, mwingine unaingia, na ushuru mdogo unaokusanywa mara nyingi unazidi ushuru mkubwa unaokimbiwa. Nawaomba jambo moja hapa kwa msisitizo. Mzigo uliolipiwa ushuru Momba, Mbarali au Sumbawanga na una risiti usitozwe tena kwa jina jipya ukifika kwetu. Siku wanunuzi wa mchele watakaposikia kwamba Tunduma inatoza mara mbili, watahamia Kasumulu au Kasanga bila kuaga.

Tena tusiisahau barabara ya Sumbawanga. Ni zaidi ya kilomita 200 za lami zilizojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia mfuko wa MCC, na ziliifungua Rukwa, mkoa wa mahindi, kuelekea hapa kwetu. Kwa muda mrefu tumeiona kama njia ya watu wa Sumbawanga kwenda Mbeya na Dar es Salaam. Mahindi yanayoshuka kwa njia hiyo yanapita katikati ya mji wetu, yanakwenda kusagwa kwingine, na unga wake unarudi kuuzwa Nakonde ukipita tena mbele ya milango yetu. Kinu kimoja kikubwa, kikipata umeme wa uhakika na kiwanja chenye hati, kingeibakiza kazi hiyo hapa. Siiombi Halmashauri ijenge kinu. Iandae kiwanja, hati itoke kwa miezi badala ya miaka, na mwenye mtaji atakuja. Wapo wanaoulizia, nami nimewahi kuwapeleka wawili kuangalia maeneo wakaondoka kwa sababu hakuna aliyeweza kuwaonyesha ramani.

Ninaandika haya nikiwa na maslahi, bila shaka. Soko likijengwa nitapanga ghala humo. Lakini watakaopanga ni wengi kuliko mimi, na kijana anayelinda malori usiku leo atahitaji kazi ya mchana treni zitakapoanza kubeba shaba.

Kwa hiyo naomba mambo matatu yaingie katika vitabu vya bajeti kabla ya Julai: eneo la soko la mazao lipimwe na lipewe hati kwa jina la Halmashauri, fungu la dirisha la wafanyabiashara wadogo litajwe kwa kiasi chake, na barua rasmi ipelekwe kwa wenzetu wa Nakonde kuomba kikao cha pamoja, ajenda ya kwanza ikiwa saa za kazi. Umoja wetu wa wauza nafaka uko tayari kuleta kwenye kikao cha wadau takwimu za mizigo tunayouza kila mwezi, kwa maandishi na kwa hiari, ili wataalamu wenu wapime ukubwa wa soko wakiwa na namba za kweli. Tunasubiri tarehe.

Wenu katika kuujenga mji wa mpakani,

Mfanyabiashara wa nafaka,
Tunduma